Nina biti 300. Je, niache kazi?

Swali: Shikamoo kaka. Nina miaka 27, nimeajiriwa, na kwa miaka minne nimekuwa natengeneza biti, yaani midundo ya kuimbia, usiku na siku za mapumziko. Sasa ninazo kama 300. Chache nimeziuza mtandaoni kwa bei ya chini. Mwaka jana msanii mmoja tunayefahamiana aliimba juu ya biti yangu, wimbo ukapendwa na unasikilizwa hadi leo, lakini mimi sijapata chochote zaidi ya kutajwa jina mwanzoni mwa wimbo. Nataka kuwa prodyuza wa kujitegemea, nisiwe chini ya lebo wala studio ya mtu. Niache kazi? Na kati ya spika, maiki na kompyuta mpya, nianze kununua nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile unalolisubiri: kazi usiiache sasa. Kipaji chako sina shaka nacho. Vipande vitano ulivyonitumia nimevisikiliza vyote, na kile cha tatu, chenye besi inayochelewa kidogo nyuma ya kiki, ile ngoma nzito ya chini, nimekirudia mara nne. Kilichonishtua ni barua yako. Umenihesabia biti, nyimbo hukunihesabia.

Mimi mtu akiniambia anataka kuishi kwa kazi hii, namuuliza amemaliza nyimbo ngapi. Kumaliza maana yake kuna mtu ameimba, sauti zimechaguliwa na kupangwa, miksi imefungwa, yaani sauti zote zimesawazishwa pamoja, masta imetoka, yaani nakala ya mwisho ya kusambazwa, na kuna watu wasiokujua ambao wameusikia. Kwa hesabu hiyo wewe una wimbo mmoja, na ndio huo unaokuuma. Tutaufikia.

Mtengeneza biti na prodyuza wanachanganywa sana, na hata wenyewe wanajichanganya. Anayetengeneza biti anaanza na ukimya, anaishia na mdundo wa dakika tatu. Prodyuza anaweza kuupokea wimbo ukiwa na gitaa moja na sauti iliyorekodiwa kwa simu, na yeye mwenyewe asiguse ala hata moja mpaka mwisho. Kazi yake ni kuamua: tempo iwe ipi, ufunguo gani unamkaa mwimbaji kooni, ubeti upi ukatwe, ngoma ziingie wapi, na lini tuseme basi, umekwisha. Biti nzuri siku hizi zimezagaa, mtu anaweza kusikiliza 50 kabla hajapiga mswaki. Mtu wa kumshika msanii mkono mpaka wimbo uishe, huyo ni adimu, na ndiye anayeitwa tena mwakani.

Nikupe usiku mmoja uone ninachosema. Dada mmoja alikuja kuingiza sauti, wimbo wa kuachwa. Kiitikio alikiimba mara 14. Noti ziko mahali pake, maneno yanasikika, na wimbo umelala fofofo. Mimi nilishaanza kupekua kompresa na maiki, kumbe shida ilikuwa masikioni mwake. Nilimwekea biti kubwa mno kwenye hedifoni, hajisikii, kwa hiyo anashindana nayo. Mwimbaji asiyejisikia hukaza koo na noti zake huanza kupanda. Nikashusha biti. Nikazima ngoma zote, nikamwachia kinanda peke yake. Nikashusha ufunguo nusu toni. Kisha nikamwambia asiimbe, anihadithie tu, kama vile mimi ndiye niliyemwacha. Akacheka kwanza, halafu akanyamaza kidogo. Mara ya 16 ndiyo iliyobaki kwenye wimbo, pamoja na pumzi aliyoivuta kabla ya neno la kwanza, pumzi ambayo siku nyingine ningeikata bila kufikiri.

Nilipozirudisha ngoma zikawa kelele tupu. Biti niliyoipenda wiki nzima ilikuwa na treki 62, yaani sauti 62 zilizopangwa juu ya nyingine. Nilizima moja moja huku nikisikiliza sauti yake, nikabaki na 19. Sijui kama ningeweza kuzima zile 43 ningekuwa peke yangu chumbani. Biti isiyo na mwimbaji huwa inajaa, kwa sababu sikio linatafuta kitu cha kufuata, nawe unaongeza. Kati ya hizo zako 300 nina hakika nyingi zimejaa hivyo, hazina pa kuweka mtu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama. Funga folda ya biti kwa miezi sita. Tafuta wasanii wawili, watatu wakizidi sana, ambao sauti zao unazipenda hata wakiongea, na umalize nao nyimbo kumi. Zitoke hata kama hazijakupendeza kwa asilimia mia. Watu wanapenda kutaja albamu ya mwimbaji Mmarekani Billie Eilish ya mwaka 2019, iliyotayarishwa na kaka yake Finneas chumbani nyumbani kwao, ikachukua tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka mwanzoni mwa 2020, na wanaitaja kuonyesha kwamba vifaa vya kawaida vinatosha. Ni kweli vinatosha. Lakini mimi naona jambo lingine pale: Finneas alikuwa na mwimbaji mmoja, mlango wa pili, na walikuwa wanatoa nyimbo pamoja tangu 2015. Aliijua ile sauti kuliko mtu yeyote duniani. Wewe badala yake unawarushia biti watu mia usiowajua, ukingoja mmoja ajibu.

Sasa tuje kwenye huo wimbo wako, maana hapa ndipo wengi wetu tumelia, mimi nikiwa wa mbele. Mali bila daftari huisha bila habari. Nyimbo mbili za mwanzo nilizofanya na watu zilipata wasikilizaji wengi, sikuandikiana na mtu, na nilipokwenda kudai nikaambiwa, “Kaka, si tulikuwa tunasaidiana?” Hakuwa anadanganya. Kichwani mwake kweli tulikuwa tunasaidiana.

Elewa kwamba kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: maneno, melodi, na muziki unaozibeba. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile masta. Zina wenyewe tofauti na pesa zake zinapita njia tofauti. Redio ikipiga wimbo, utunzi unalipwa kupitia taasisi za kukusanya mirabaha. Kwenye rekodi nchi zinatofautiana, na Marekani hadi leo redio za kawaida hazilipi chochote kwa mwenye rekodi. Mitandao ya kusikiliza muziki inalipa vyote viwili, ila fedha ya rekodi inakwenda kwa yule aliyeupakia wimbo kupitia msambazaji, yaani kwenye akaunti ya msanii wako. Ndiyo maana hujaona kitu. Huenda hakuna aliyekuibia kwa kukusudia. Fedha imefuata bomba lililokuwepo, na wewe hukujiunganisha.

Upande wa utunzi, wewe uliyetunga muziki ni mtunzi, hata kama hukuandika neno hata moja. Kwenye nyimbo zinazojengwa juu ya biti, mazoea ya wengi ni nusu kwa muziki na nusu kwa maneno na melodi ya mwimbaji. Hayo ni mazoea, si sheria, mnaweza kupatana vingine. Upande wa rekodi, prodyuza hupewa sehemu ya mapato, na kwenye mikataba ya lebo mara nyingi inatajwa 3 hadi 5 kwa mia. Msanii anayejilipia kila kitu mwenyewe mnaweza kupatana zaidi ya hapo, maana hakuna lebo inayokula katikati.

Je, umechelewa? Hapana. Chini ya Mkataba wa Berne, ulioanza 1886 na sasa una nchi zaidi ya 180, hakimiliki haisubiri usajili. Kazi ni yako tangu ulipoiunda. Na katika nchi nyingi umiliki hauhami kwa maneno matupu, unahitaji maandishi yenye saini. Kumwambia rafiki “poa, imba” ni kumruhusu aitumie. Hujampa shamba, umempa ruhusa ya kupita. Kwa hiyo leo hii fanya mambo matatu. Hifadhi faili la mradi wa ile biti pamoja na tarehe zake, na jumbe mlizotumiana ulipompa. Jiunge na taasisi ya mirabaha ya nchini kwako kama mtunzi, uusajili wimbo ukitaja sehemu yako, na usikawie, kwa kuwa taasisi nyingi zina kikomo cha muda wa kudai malipo ya nyuma. Kisha mwandikie msanii. Nitakuwekea maneno mwishoni.

Kuanzia wimbo unaofuata, uwe na karatasi ya mgao. Ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, tarehe, nani kafanya nini, asilimia za utunzi, asilimia za rekodi, jina lako liandikwe vipi, saini. Iandikwe siku hiyohiyo ya kurekodi, watu wakiwa bado wanashangilia kiitikio. Ukingoja wimbo upendwe, kila mtu atakumbuka mchango wake kuwa mkubwa zaidi, wewe ukiwemo. Kuna wasambazaji wanaoruhusu mapato yagawanywe moja kwa moja kila mtu aingiziwe lake. Omba hilo liwekwe kabla wimbo haujatoka, litakuondolea aibu ya kumpigia mtu simu kila mwezi. Na hakikisha unaujua msimbo wa ISRC wa kila rekodi, zile herufi na tarakimu 12. Huo ndio kitambulisho cha rekodi popote inapokwenda. Mimi nina daftari la misimbo hiyo tangu nilipoacha ujinga.

Ukija kupewa mkataba na lebo, maneno mawili yasome mara tatu. Moja ni lile linalosema kazi yako inahesabika kama ya mwajiriwa aliyelipwa, kwamba mwenye kazi tangu mwanzo ni wao; ukisaini hilo kwa malipo ya mara moja, umeuza vyote. Jingine ni jinsi gharama zinavyorudishwa kabla hujaanza kulipwa. Malipo ya awali si zawadi, yanakatwa kwenye sehemu yako. Uliza pia, zikishalipika gharama, wewe unalipwa kuanzia lini: tangu nakala ya kwanza au tangu siku hiyo? Tofauti yake ni kubwa kuliko hiyo asilimia mnayobishania. Marekani, ambako rekodi hulipwa na redio za mtandaoni, sheria ya mwaka 2018 iliweka rasmi utaratibu wa msanii kuandika barua ya kuelekeza sehemu ya malipo yake iende kwa prodyuza. Ukifanya kazi na msanii anayesikilizwa huko, iombe barua hiyo. Ni ya ukurasa mmoja, na wengi hawajui hata kama ipo.

Nikiri kwamba si kila mtu anaikubali hesabu ya asilimia. Steve Albini, aliyerekodi albamu ya bendi ya Nirvana iliyotoka 1993, alikataa kabisa sehemu ya mauzo. Aliwaandikia kwamba anataka alipwe kama fundi bomba, afanye kazi, apewe chake, aondoke. Msimamo huo naustahi, na kwa kazi za kumiksi mimi mwenyewe nauishi. Ila Albini hakuwa akiwatungia watu muziki wao. Wewe besi ni yako, kinanda ni chako. Fundi bomba hadai sehemu ya nyumba. Aliyechora ramani ana maneno ya kusema.

Kuhusu hizo biti za mtandaoni: bei ya chini si kosa, kosa ni kutojua umeuza nini. Leseni ya kawaida inamruhusu mnunuzi aitumie biti kwa mipaka fulani, mfano idadi ya usikilizwaji au muda, na wewe unaweza kumpa mwingine biti hiyohiyo. Leseni ya kipekee inaitoa sokoni. Zote mbili zitaje wazi kwamba sehemu yako ya utunzi inabaki kwako. Ongeza na kifungu kinachokataza mnunuzi wa leseni ya kawaida kuuingiza wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua muziki kwenye video na kuudai kwa niaba ya aliyeusajili. Asipokatazwa, mfumo utaanza kuwadai wote waliochukua biti ileile, na wao watakurudia wewe kwa hasira.

Kisa kinachoeleza haya yote kwa pamoja ni cha kijana Mholanzi anayejiita YoungKio. Aliweka biti kwenye soko la mtandaoni la BeatStars, na mwaka 2018 rapa Mmarekani Lil Nas X, ambaye hakuwa akijulikana, akainunua kwa dola 30. Mwaka 2019 wimbo uliotokana nayo, Old Town Road, ukakaa wiki 19 namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100. Dola 30 ilikuwa bei ya leseni, haikuwa bei ya haki zote, na kijana akatambuliwa kama mtunzi na prodyuza wa wimbo mkubwa kuliko zote mwaka ule. Lakini ndani ya biti kulikuwa na sampuli, yaani kipande kilichokatwa kutoka rekodi nyingine, kazi ya bendi ya Nine Inch Nails ya mwaka 2008, haijaombewa ruhusa. Lebo ilipoingia, ikabidi mambo yasawazishwe, na Trent Reznor na Atticus Ross wa bendi hiyo wakaingia kwenye orodha ya watunzi. Mambo yalikwisha vizuri kwa sababu waliohusika walikuwa waungwana. Rapa Biz Markie hakuwa na bahati hiyo. Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya sampuli aliyotumia bila ruhusa, na tangu siku hiyo lebo zote zinauliza kabla ya kutoa chochote: hii umeitoa wapi?

Kwa hiyo pitia biti zako na uandike kwenye kila moja ina nini cha mtu mwingine. Hata lupu za kununua, vile vipande vya muziki vinavyojirudia, zina masharti, na lupu hiyohiyo wameinunua maelfu. Ukipenda wazo la kitu fulani, kaa ulipige upya, ulibadilishe mpaka liwe lako. Mara nyingi linatoka bora, na mara nyingine linatoka bovu, basi unaachana nalo.

Vifaa. Hapa nitakuwa mfupi na najua hutafurahi. Mchagua jembe si mkulima. Kompyuta yako kama inafungua mradi bila kukwama, inatosha. Programu za FL Studio, Ableton Live, Logic, Reaper, zote zinarekodi na zote zinahariri. Baki na ile ambayo vidole vyako vimeizoea. Kama lazima ununue kitu, anza na chumba. Spika za gharama ndani ya chumba kitupu chenye kuta ngumu zinakudanganya kwenye besi, kisha unamiksi uongo huo, na wimbo ukifika kwenye gari la mtu besi inavuma au haipo. Tengeneza mabao mazito ya pamba mwamba (rockwool), uyaweke kwenye kona na ukutani pale sauti ya spika inapogonga kwanza kabla ya kukufikia. Ili kupajua, keti kwenye kiti chako na mtu atembeze kioo ukutani. Pale utakapoiona spika kwenye kioo, ndipo pa kuweka bao. Vile vipande vyembamba vya sponji vya mapambo vinameza tu sauti za juu, vinaacha besi itambe. Baada ya chumba, maiki moja nzuri ya kawaida, kwa sababu sasa unafanya kazi na waimbaji. Spika baadaye.

Na punguza sauti. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja tu. Desibeli 100, ambayo hedifoni inaifikia bila shida, ni dakika 15. Mimi sikio la kushoto lina mlio usioisha, naupata nikilala. Hakuna plagini, yaani programu ya kurekebisha sauti, ya kuuondoa. Miksi inayosimama wakati mnaweza kuongea juu yake itasimama popote, na usihangaike kuikandamiza masta ili ipige kelele kuliko za wengine: Spotify kwa kawaida inazisawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ile uliyoikandamiza inashushwa tu, na unabaki umeua ngoma zako bure.

Fedha zitatoka wapi basi? Si kwenye usikilizwaji, angalau miaka ya mwanzo. Tangu 2024 Spotify hailipi mapato ya rekodi kwa wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12, na hata ukivuka hapo, sehemu ya prodyuza ya pato dogo ni ndogo zaidi. Mirabaha ni kama kupanda mnazi. Panda kila wimbo, lakini chakula cha leo kitafute kwenye huduma: kumwongoza mtu kuingiza sauti, kumiksi, kusafisha rekodi, kutengeneza muziki wa matangazo na filamu fupi, kufundisha. Nimekuwa kwenye hii kazi muda mrefu na bado sehemu kubwa ya kipato changu inatokana na kumiksi nyimbo ambazo hakuna atakayejua nimezigusa. Kwa kila kazi unayotoa, hifadhi na toleo lisilo na sauti ya mwimbaji. Watengeneza filamu na matangazo wanaliulizia hilo kwanza, na wanalitaka leo.

Bei uitaje kwa wimbo, usiitaje kwa saa, la sivyo ukizidi kuwa hodari utalipwa kidogo. Nusu ya malipo iingie kabla hujafungua mradi. Marekebisho yawe na idadi, mimi natoa matatu, la nne linalipiwa. Nilikuwa sina kikomo, na kuna bwana mmoja alinirudisha kwenye wimbo mmoja mara 31. La mwisho alisema, “Unajua, ile ya pili ilikuwa nzuri.” Nusu ya pili ya malipo iingie kabla hujatuma mafaili ya mwisho, kwa upole lakini bila kutetereka, hata kwa rafiki. Mafaili yenyewe yawe na nidhamu: ubora wa 24-bit, kila sauti kwenye faili lake, zote zikianzia sekunde ya sifuri, majina yanayosomeka. Utashangaa ni wateja wangapi wanarudi kwa sababu hiyo tu. Na kila mradi uwe na nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba.

Kazi uiache lini? Kipimo changu ni kikali kidogo, na kuna wenzangu watakaokiona cha woga. Miezi 12 mfululizo, kipato cha muziki kilichoandikwa daftarini kilipie mahitaji yako ya lazima. Uwe na akiba ya miezi sita ambayo hujaigusa kununulia vifaa. Na angalau nusu ya kipato hicho kitoke kwa watu waliorudi mara ya pili. Hicho cha tatu ndicho ninachokiangalia zaidi. Mteja mpya anaweza kuja kwa bahati, kwa bei ndogo, au kwa sababu mwingine alikuwa hapatikani. Anayerudi amekwisha kukaa na wewe kwenye kiti usiku wa manane na bado anataka tena. Kama unaweza, kabla ya kuacha kabisa omba upunguziwe siku. Mshahara wa nusu unakuwezesha kukataa kazi mbaya, na prodyuza asiyeweza kukataa kazi anaharibika sikio upesi kuliko anayesikiliza hedifoni kwa sauti kubwa.

Kujitegemea, kwa njia, hakumaanishi kufanya yote peke yako. Mimi masta zangu nampa mtu mwingine siku zote. Baada ya wiki mbili ndani ya wimbo, masikio yangu hayasikii tena kilichopo, yanasikia nilichokusudia.

Sasa ule ujumbe kwa msanii wako. Usiuandike ukiwa na hasira, na usiutume kwenye kundi wala hadharani. Uwe hivi:

“Habari za siku, ndugu yangu. Nafurahi kuona wimbo wetu unaendelea vizuri. Tuliufanya bila kuandikiana, na mimi sikusema kitu wakati ule, kwa hiyo nami nina sehemu ya lawama. Naomba tuuweke sawa. Pendekezo langu ni nusu ya utunzi kwako na nusu kwangu, sehemu ya mapato ya rekodi kuanzia sasa kwa kiasi tutakachokubaliana, na jina langu liingizwe kwenye taarifa za wimbo kama prodyuza na mtunzi. Nimeandaa karatasi ya ukurasa mmoja. Una nafasi lini tukae? Halafu nina biti mpya, nataka uisikie.”

Hiyo sentensi ya mwisho usiiondoe. Ila biti yenyewe usimtumie mpaka karatasi iwe na saini.